Kabla ya kununua mtoto wa mbwa mkubwa, uliza haya

Kila wizi unapozidi mtaani, biashara ya mbwa nayo huchangamka. Wiki hii jirani kaibiwa televisheni, wiki ijayo geti lake limeandikwa "Mbwa mkali", na ukichungulia ndani unakuta kitoto cha German Shepherd kimefungwa kamba kwenye mpapai, kinalia usiku kucha kikimtafuta mama yake.

Msomaji mmoja wa Dar es Salaam, mama wa watoto wawili, ameniandikia: "Daktari, kuna kijana anauza watoto wa German Shepherd wa mwezi mmoja na wiki moja. Mume wangu anataka tuchukue wawili, dume na jike, wakue pamoja. Mimi naogopa magonjwa, kwa sababu mdogo wetu ana miaka minne na hapendi kukaa mbali na wanyama. Je, niogope kweli au ni woga wangu tu?"

Mimi ni daktari wa binadamu, si wa mifugo. Lakini mbwa akinunuliwa vibaya, mara nyingi mwisho wa habari huletwa kwetu: mtoto aliyeng'atwa, mtoto mwenye minyoo isiyo yake, mama anayeuliza kama chanjo ya kichaa cha mbwa inapatikana hapa au aende hospitali nyingine. Yanayohusu mwili wa mbwa mwenyewe nimewauliza wenzangu wa mifugo, na hapa nayaweka kwa lugha ya nyumbani.

Jibu fupi kwa mama huyu ni hili: woga wako una msingi, ila dawa yake ni maswali. Na kwa hao wa mwezi mmoja na wiki moja, msiwachukue bado.

Mwili unaokua kwa haraka mno

Mtoto wa binadamu huzaliwa na kama kilo tatu, na akitimiza mwaka ana kilo tisa au kumi. Ameongezeka mara tatu. Sasa mtazame Great Dane. Akizaliwa hafiki hata kilo moja, na kabla ya kutimiza mwaka anaweza kupita kilo 45. Mifupa, viungo na moyo wake vimelazimika kufanya ndani ya miezi kazi ambayo miili yetu huifanya kwa miaka. Rottweiler, Boerboel na German Shepherd nao wako kwenye mbio hizo hizo, kila mmoja kwa kiasi chake.

Ndiyo maana ugonjwa unaotajwa kwanza kwa mbwa wakubwa ni ule wa nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja kinatakiwa kukaa ndani ya kikombe cha nyonga kama mchi ndani ya kinu kilichomtosha. Kwa mbwa mwenye tatizo hili kikombe ni kifupi au kiungo kimelegea, hivyo mfupa unacheza, unasaga, na baadaye kiungo kinavimba na kuuma. Utamwona anainuka kwa shida asubuhi, anakimbia akirukisha miguu ya nyuma pamoja kama sungura, au anakataa kupanda ngazi. Viwiko vya miguu ya mbele navyo hupata shida inayofanana.

Jambo la muhimu kwa mnunuzi ni kwamba ugonjwa huu hurithiwa. Haupiti kwa kila mtoto, na chakula na mazoezi huchangia kuuamsha au kuupunguza, lakini mzazi mwenye nyonga mbovu ana nafasi kubwa zaidi ya kuzaa watoto wenye nyonga mbovu. Na huwezi kuujua kwa kumtazama dume anavyosimama kifua mbele. Hujulikana kwa picha ya eksirei. Marekani kuna taasisi inayopima nyonga za mbwa tangu mwaka 1966, na haitoi cheti cha kudumu mpaka mbwa atimize miaka miwili. Ulaya wengi hutumia madaraja kuanzia A, yaani nyonga nzuri, hadi E, yaani mbaya kabisa. Muuzaji anayekuambia wazazi "wametoka nje" anapaswa kuwa na karatasi hiyo. Kama hana, basi ulichonunua ni maneno.

Tatizo la pili ni tumbo. Mbwa mwenye kifua kirefu, Great Dane akiongoza, anaweza kujaa gesi ghafla na tumbo likajipinda lenyewe. Damu haipiti, na asipofanyiwa upasuaji ndani ya saa chache anakufa. Dalili zake zikumbuke: tumbo limekaza kama ngoma, anajaribu kutapika lakini hakitoki kitu, mate yanamtiririka, hatulii. Huyo si wa kusubiri mpaka asubuhi. Ili kupunguza hatari, mgawie chakula mara mbili au tatu kwa siku badala ya sinia moja la jioni, na usimkimbize akiwa ametoka kula.

Tatu, mbwa wakubwa hawaishi sana. Great Dane huishi miaka saba hadi kumi kwa kawaida. Wapo wanaosumbuliwa na moyo uliotanuka, hasa Great Dane na Doberman, na wapo wanaopata saratani ya mifupa, Rottweiler akiwa miongoni mwao. Mzazi alifikirie hili mapema. Mtoto wako akimpata mbwa huyu akiwa darasa la kwanza, huenda akamzika kabla hajafika kidato cha tatu.

Muuzaji mzuri hujulikana hivi

Turudi kwenye umri. Mtoto wa mbwa aondoke kwa mama yake akiwa na wiki nane kamili, asipungue. Wiki hizo si za maziwa tu. Kati ya wiki ya tatu na kama ya kumi na nne ndipo mbwa anapojifunza dunia: akiwang'ata ndugu zake kwa nguvu wanalia na kuacha kucheza naye, na hapo anajua kupunguza meno. Aliyetolewa mapema anajifunzia somo hilo kwenye mikono ya mwanao. Kijana anayeuza watoto wa wiki tano anakwepa gharama za kuwalisha wiki tatu zilizobaki, na gharama hiyo anakuhamishia wewe.

Nenda mwenyewe mahali walipozaliwa. Usikubali kukabidhiwa mbwa kwenye boksi kando ya barabara au kituo cha mafuta, hata kama picha za simu zinapendeza. Ukifika, omba kumwona mama yao. Mama ndiye barua ya utambulisho: akikutazama kwa utulivu, watoto wake wana mwanzo mzuri. Akiwa amefungwa, amekonda mbavu zinahesabika, au muuzaji anatoa sababu kila ukimwomba akuonyeshe, ondoka.

Kisha uliza. Baba yao ni nani, na ana undugu gani na mama? Wapo wanaopandisha kaka na dada ili waendelee kuwaita watoto "halisi", na kasoro za ukoo zinajilimbikiza. Mama ana umri gani na amezaa mara ngapi? Jike wa miezi kumi bado ni mtoto, na anayezalishwa kila joto linapomjia ni mashine ya fedha. Nyonga za wazazi zimepigwa picha? Watoto wamepewa dawa ya minyoo lini na lini? Wamechanjwa chanjo gani, na kadi iko wapi? Kadi ya kweli ina tarehe, jina la chanjo au kibandiko cha chupa, na sahihi ya mtaalamu anayejulikana.

Muuzaji mzuri naye atakuuliza. Unaishi wapi? Una uzio? Nani atabaki naye mchana? Una watoto wa umri gani? Asiyekuuliza lolote ila namba ya kutumia kulipa, hajali mbwa wake anakwenda wapi, na kesho ukimpigia kwamba mbwa anaharisha damu, simu haitapatikana.

Kabla ya kutoa fedha yote, kubalianeni kwa maandishi kwamba mbwa ataonwa na daktari wa mifugo ndani ya siku mbili au tatu, na kama ana ugonjwa alikuja nao atarudishwa. Hakikisha daktari huyo amesajiliwa. Hapa Tanzania kazi ya usajili ni ya Baraza la Veterinari. Kwa matatizo makubwa zaidi, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina hospitali ya wanyama.

Wawili kwa mpigo? Ningewashauri mmoja. Watoto wawili wa mzao mmoja husikilizana wao kuliko kumsikiliza mwenye nyumba, na gharama zote mnazizidisha mara mbili. Na dume na jike wa tumbo moja, msipokuwa makini, watawaletea uzao ule ule niliousema hapo juu.

Pia niseme ukweli usiopendwa na wauzaji. Kama unachotaka ni sauti ya kukuamsha usiku, mbwa wa kienyeji aliyechanjwa na kulishwa vizuri anabweka sawasawa. Anavumilia joto na kupe kuliko mgeni mwenye manyoya mazito, na hali nusu ya chakula chake. German Shepherd hasa huumwa vibaya na ugonjwa wa kupe wa kahawia, ule unaoshusha damu na kumtoa puani. Ukimchukua, hesabu na dawa ya kupe ya kila mwezi.

Sahani yake

Kosa la kwanza ni kumnenepesha. Tunapenda mtoto mnono, na mbwa tunampimia kwa jicho hilo hilo. Watafiti wa Marekani waliwafuatilia mbwa 48 aina ya Labrador maisha yao yote, wakiwapanga wawili wawili kutoka mzao mmoja. Mmoja alipewa robo pungufu ya chakula cha mwenzake. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2002 yalionyesha kundi lililokula kidogo liliishi miaka 13 kwa kipimo cha kati, wenzao miaka 11.2, na matatizo ya viungo yaliwachelewea. Mbavu za mbwa anayekua zisionekane kwa mbali, lakini ukipapasa uzihisi.

Kosa la pili ni kalsiamu. Kama mbwa anakula chakula cha dukani cha watoto wa mbwa wakubwa, kumwongezea vidonge au unga wa mifupa kunaharibu mifupa badala ya kuijenga. Na kama anakula nyama tupu au ugali mtupu, kalsiamu haimtoshi na miguu hupinda. Hivyo usikisie. Mweleze daktari wa mifugo unachopika, naye akupimie.

Kosa la tatu lipo kwenye nyumba nyingi: unga ulioota ukungu "tumpikie mbwa". Sumukuvu iliyoko kwenye mahindi hayo hushambulia ini, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi. Unga usiofaa kwa watoto haufai kwa mbwa.

Mazoezi nayo yana kipimo. Acha acheze atakavyo na alale atakapo, lakini usimfunge kwenye baiskeli ukakimbia naye, wala usimrukishe ukuta kabla mifupa haijakomaa. Kwa mbwa wakubwa hiyo ni mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, au zaidi kidogo.

Magonjwa ya mbwa na watoto wetu

Anza na yale yasiyotuhusu, ili moyo utulie. Parvo, ugonjwa unaoua watoto wengi wa mbwa kwa kutapika na kuharisha damu, hauambukizi binadamu. Lakini virusi vyake hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi. Kama mbwa alikufa kwa kuharisha damu uani kwenu, usilete mtoto mwingine asiyekamilisha chanjo. Chanjo ya parvo na magonjwa mengine huanza wiki ya sita hadi ya nane, na hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka afikishe wiki 16. Sindano moja haitoshi, na hadi amalize asizururishwe mitaani.

Minyoo inatuhusu. Watoto wa mbwa wengi huzaliwa nayo tayari, kwa kuwa hupita kwa mama wakiwa tumboni. Mayai hutoka na kinyesi, hukomaa kwenye mchanga kwa wiki kadhaa, kisha mtoto anayecheza hapo akitia vidole mdomoni anayameza. Ndani ya mwili wa binadamu viluwiluwi hivyo havikui kuwa minyoo kamili, bali hutangatanga kwenye ini, mapafu, na wakati mwingine ndani ya jicho, ambako vinaweza kupofusha. Aina nyingine hupenya ngozi ya mguu ulio peku na kuacha mstari mwekundu unaopinda na kuwasha. Kinga yake ni rahisi: mbwa apewe dawa kuanzia wiki ya pili, kila wiki mbili hadi wiki ya nane, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Kinyesi kiokotwe kila siku. Watoto wanawe mikono na kuvaa kandambili.

Na usimpe mbwa mapafu au maini mabichi kutoka machinjioni. Huko ndiko anakopata tegu mdogo ambaye mayai yake humfanya binadamu aote mfuko wa maji kwenye ini au mapafu. Jamii za wafugaji, Turkana kule Kenya na Wamasai wa kaskazini mwa Tanzania, wanaufahamu ugonjwa huo kwa machungu.

Lakini linalonifanya niandike ukurasa mzima ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote wakiwa wameng'atwa na mbwa, na kama asilimia 40 ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, hatuna dawa. Tunachoweza ni kumtuliza mgonjwa na kukaa na familia yake.

Wazazi wengi hudhani mtoto wa mbwa hawezi kuwa na kichaa kwa sababu ni mdogo, hana nguvu na hajapigana na mbwa wa mtaani. Si kweli. Mama yake aking'atwa, au mbwa mgonjwa akipita bandani usiku mmoja, kinda la miezi miwili linaweza kuugua, na meno yake ya sindano yanatosha kupitisha ugonjwa. Nimewahi kumpokea mtoto aliyekwaruzwa mkononi na mbwa mpya wa nyumbani. Siku ya nne mbwa akaanza kuyumba, akashindwa kumeza, akafa. Mtoto aliletwa siku hiyo hiyo kwa sababu bibi yake alikataa kusikia neno "ni mkwaruzo tu". Alimaliza chanjo zote na yuko salama. Nyumba nyingine hazina bibi wa namna hiyo.

Mbwa achanjwe kichaa akiwa na miezi mitatu, arudiwe baada ya mwaka, kisha kwa ratiba ya daktari. Halmashauri nyingi huendesha kampeni za chanjo karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Uzoefu wa Pemba unatuonyesha kwamba inawezekana: chanjo za mbwa kisiwani ziliumaliza ugonjwa huo mwaka 2014, ukaingia tena mwaka 2016 chanjo zilipolegea, na chanjo hizo hizo zikaumaliza mara ya pili.

Mtoto na mbwa chini ya paa moja

Mbwa wengi wanaong'ata watoto ni wale wanaowajua. Mtoto mdogo anapong'atwa huumia usoni na shingoni, kwa sababu uso wake uko usawa wa meno. Mbwa wa kilo 35 hahitaji kuwa mkali kumjeruhi, inatosha aruke kwa furaha.

Hivyo wekeni sheria za nyumba. Mtoto wa chini ya miaka sita asiachwe peke yake na mbwa, hata dakika ya kwenda kuepua chungu. Mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha asiguswe. Mtoto asimkimbie, asimkumbatie shingoni, asimvute mkia. Na mbwa asifungwe mnyororo mchana kutwa ili "awe mkali". Mbwa wa namna hiyo hatofautishi mwizi na mtoto aliyefuata mpira. Mbwa mlinzi mzuri ni yule anayewajua watu wake na kuwasikiliza, kisha usiku anafunguliwa ndani ya uzio.

Akikung'ata au kumng'ata mtoto

Hata mbwa awe wenu, hata awe na kadi, fanya haya kwa mpangilio huu.

Osha kidonda papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Tazama saa, kwa sababu dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani. Usipake pilipili, mafuta ya taa, majivu wala dawa ya meno, na usifunge kidonda kwa kukibana.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo mdogo au mbwa amelamba kidonda kibichi. Piga simu kwanza kuuliza kama chanjo ya kichaa cha mbwa ipo, kwa kuwa si kila kituo kinayo. Uliza pia chanjo ya pepopunda. Jeraha likiwa na damu, au likiwa kichwani, usoni au mikononi, muulize daktari kuhusu sindano ya kingamwili inayochomwa kuzunguka kidonda.

Usimuue mbwa. Kama anaweza kufungiwa salama, afungiwe na aangaliwe siku kumi. Akibaki mzima siku zote hizo, hakuwa na kichaa kwenye mate yake siku alipong'ata, na daktari anaweza kusitisha sindano zilizobaki. Akiugua au akifa, mjulishe daktari wa mifugo ili kichwa kipimwe, na usikiguse mwenyewe. Lakini chanjo ya mtoto isisubiri siku kumi hizo. Inaanza leo.

Mwisho, maliza sindano zote kwa tarehe ulizopewa. Ugonjwa huu unaweza kujificha miezi miwili, mitatu, hata mwaka, na kidonda kikishapona wengi huona nauli ya kurudi hospitali ni hasara. Iandike tarehe ya sindano inayofuata ukutani, karibu na swichi ya taa, mahali ambapo kila mtu wa nyumbani ataiona.